Mwenye Nyumba Naye Ana Mipaka

Kurasa hizi zimezoea kueleza habari za mishahara, saa za kazi na ajali za mashine. Safari hii tunaingia nyumbani. Sababu yake ni rahisi kueleweka: nyongeza ambayo chama kimeihangaikia mwaka mzima mbele ya mwajiri, mwenye nyumba aweza kuichukua yote kwa siku moja, bila kikao wala mjadala. Hapo mshahara umepandishwa kwa faida ya nani? Kodi ya nyumba ni sehemu ya mshahara wetu, na anayeipanga kodi apendavyo huyo anaukata mshahara wetu pia, hata kama hajaingia kiwandani siku moja.

Tumechagua kuzungumzia ufuko wa Tanganyika, kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Msafiri wa njia hiyo hupita Mugere, penye jiwe la Livingstone na Stanley, hupita Kabezi, kisha hufika Gitaza katika Muhuta. Hapo mlima na ziwa vimekaribiana mno hata barabara imebanwa katikati, na nyumba zimebanwa pamoja nayo. Mbele ni Magara, Minago, halafu Rumonge yenyewe na michikichi yake. Ufuko huu una wapangaji wa kila namna: wavuvi wa ndagala na mukeke, wakamuaji wa mawese, vibarua wa mashamba, na wale wanaofanya kazi mjini Bujumbura lakini wameshindwa kodi za huko.

Mahali pa namna hii panafaa kwa somo letu, kwa kuwa panauliza swali gumu kuliko yote. Nyumba ikiingia maji, kodi inalipwa?

Swali hili si la kubuni. Machi 2015 mvua kubwa ziliporomosha milima juu ya Gitaza, matope na mawe yakazika nyumba na kuikata barabara. Tena ziwa lenyewe limepanda mara kadhaa katika miaka ya karibuni, hasa 2020, 2021 na 2024, likameza nyumba, maghala na mialo kutoka Gatumba hadi Rumonge na kusini zaidi. Wazee walikuwa wameyaona maji kama hayo mwaka 1964, na wengine walijua kwa nini babu zao hawakujenga karibu na ufuko. Lakini mpangaji hachagui kiwanja. Anaingia katika chumba alichokikuta, analipa miezi mitatu mbele, na mwezi wa pili maji yamefika kwenye kitanda. Akidai fedha zake huambiwa kwamba ziwa si la mwenye nyumba.

Sasa sheria yasema nini? Burundi imerithi sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888. Ni sheria ya zamani kuliko mchikichi wowote uliosimama Rumonge leo. Ilitungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold, na Wabelgiji wakaja nayo Ruanda-Urundi. Imeandikwa kwa Kifaransa cha mahakimu, na kwa sababu hiyo mpangaji hajawahi kuisoma. Hata hivyo ndani yake mna maneno ambayo yangemfaa sana. Inasema kwamba kitu kilichopangishwa kikiharibika chote kwa ajali isiyotokana na mtu, mkataba umekwisha hapo hapo, bila haja ya kumwomba mtu yeyote. Kikiharibika nusu, mpangaji aweza kudai kodi ipunguzwe au mkataba uvunjwe, kufuatana na hali ilivyo. Hakuna upande unaomdai mwenzake fidia ya hasara, maana ajali ni ajali.

Maana yake kwa ndugu yetu wa Gitaza ni hii: nyumba ikianguka, kodi ya siku zinazofuata haidaiwi, na fedha iliyolipwa mbele kwa ajili ya siku hizo haina tena kitu inacholipia. Chumba kimoja kikizama na viwili vikabaki vikavu, haki yake ni kulipa kwa kadiri ya kile kinachokalika. Ziwa si la mwenye nyumba, ni kweli; lakini si la mpangaji pia.

Sheria hiyo hiyo inampa mwenye nyumba kazi tatu asizoweza kuzikimbia. Lazima akabidhi nyumba. Lazima aitunze ili iendelee kufaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Lazima amwache mpangaji akae kwa amani muda wote wa mapatano. Bati linalovuja, ukuta uliopasuka, choo kilichobomoka kwa uzee wake, hayo ni juu yake. Vitu vidogo vinavyoharibika kwa kutumiwa kila siku ni juu ya mpangaji. Mwenye nyumba akifa, mkataba haufi pamoja naye, na warithi wanaukuta kama ulivyo. Akiiuza nyumba, mnunuzi hawezi kumfukuza mpangaji mwenye hati ambayo tarehe yake haina shaka.

Tunalirudia hilo la hati kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaponyang'anywa. Mapatano ya mdomo ni mapatano, sheria haiyakatai. Lakini siku ya ugomvi neno lako linasimama mbele ya neno la mwenye nyumba, naye ana nyumba, ana jamaa kilimani, na mara nyingi amesoma kuliko wewe.

Upande wa pili tuuseme bila kuficha. Sheria hii ya 1888 inasema kwamba mapatano halali ndiyo sheria ya wale waliopatana. Kwa wenye nguvu sawa ni neno zuri. Kwa kibarua mwenye watoto wanne na mvua juu ya kichwa, mbele ya mtu mwenye vyumba kumi na wateja ishirini, mapatano huwa ni kukubali tu. Sheria hiyo haikuweka kiwango cha juu cha kodi. Kosa lake liko hapo, na dai la chama linaanzia hapo.

Wako watakaosema kwamba huwezi kumpangia mtu mali yake, kwamba desturi za Kirundi hazijui jambo hilo. Hao wamesahau mambo ya juzi. Wazee wa nchi hii wanalijua neno ubugererwa. Mtu asiye na ardhi alikwenda kwa mwenye ardhi, akapewa mahali pa kujenga na kulima, naye akawa umugererwa. Hakulipa kodi yenye hesabu. Alilipa kwa siku za kazi katika shamba la bwana, kwa mitungi ya pombe, kwa sehemu ya mavuno, kwa kuitwa wakati wowote kujenga ua au kubeba mizigo. Deni halikuwa na mwisho, kwa sababu halikuwa na kiasi. Watoto walizaliwa ndani yake. Na akimuudhi bwana, alihama na mkungu wake wa ndizi akauacha mgombani.

Amri yenye nguvu ya sheria namba 1/19 ya tarehe 30 Juni 1977 iliufuta ubugererwa wote, miezi michache tu baada ya serikali ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza kushika madaraka Novemba 1976. Utawala ule ulikuwa na mambo yake mengi, na hatuna haja ya kuupamba, lakini sheria hiyo ilikuwa kipimo kikubwa walichowekewa wenye ardhi wa Burundi. Haikumaliza ugomvi; mahakama zilikuja kujaa mashauri ya watu wanaobishana kama babu alikuwa umugererwa, au aliazimwa tu shamba, au alilinunua. Ila jambo moja lilikatwa: hakuna mtu anayeweza tena kudai jasho la mwenzake kwa sababu tu amemweka juu ya ardhi yake.

Majirani zetu walikuwa wamepita njia hiyo mapema. Buganda, sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 ilimwekea mwenye mailo kiasi cha kutoza, shilingi 10 kwa mwaka kwa kiwanja cha mkulima, na kumkataza kumfukuza mtu pasipo mahakama. Haikuja kwa huruma ya Waingereza. Wakulima wa pamba walikuwa wamenung'unika miaka mingi kwa kunyang'anywa mavuno. Hata mwaka 2010 Bunge la Uganda lilibidi kurudia somo lile lile, likasema kwamba mkaaji wa ardhi ya namna hiyo hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya kutolipa kodi ya ardhi ya mwaka. Bukoba na Karagwe kulikuwa na nyarubanja, ambapo wakuu waligawiwa ardhi pamoja na watu waliokuwa juu yake, ungedhani watu nao ni miti. Bunge la Tanzania liliwakomboa wakulima hao kwa sheria ya 1965, na mwaka 1968 likaongeza nyingine kwa ajili ya mapangisho ya kimila yaliyobaki.

Kwa nini tunachimbua haya katika habari ya vyumba vya kupanga? Kwa sababu ubugererwa hufutwa mlangoni ukarudi dirishani. Tuchukue mfano. Mkamuaji wa mawese amepanga chumba karibu na michikichi. Kodi ni ya fedha, wamepatana. Mwezi ukiwa mbaya anachelewa siku 10. Mwenye nyumba anasema hakuna neno, njoo Jumamosi unipalilie mihogo. Mwezi unaofuata amelipa kwa wakati, lakini anaitwa tena Jumamosi, mkewe anaitwa kuchota maji, na siku ya sherehe anatarajiwa kuleta kreti ya bia. Mvuvi naye anaombwa ndagala za mboga kila anapotua mwaloni. Hakuna aliyepiga kelele, maana kila jambo ni dogo na limeombwa kwa kicheko. Hesabu mwisho wa mwaka, ndugu, uone kodi yako halisi ilikuwa kiasi gani. Kusaidiana na jirani ni utu na hatuukatazi. Lakini msaada ambao ukiukataa unahamishwa, huo si msaada. Kodi ni ile iliyopatanwa, basi.

Kodi za mijini nazo zimewahi kuwekewa sheria katika nchi jirani, na historia yake yafaa kusomwa kwa uangalifu, maana si yote mazuri. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba tangu 1962, ikaandikwa upya 1984, ikiwa na mabaraza ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Mwaka 1971 serikali ilichukua majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ile ya kodi ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa Dar es Salaam anayetakiwa kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo hana baraza la kumlinda kama zamani. Kenya yenyewe haikuifuta yake. Iliacha tu kiwango kizeeke: sheria ya 1959 inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi ambacho zamani kilikusanya karibu wafanyakazi wote leo hakitoshi vyumba vingi vya mabati vya Nairobi. Kwa hiyo sheria huuawa kwa njia mbili, kwa kalamu au kwa kupanda kwa bei, na njia ya pili haitangazwi redioni.

Ng'ambo ya ziwa, Uvira na Baraka, mambo yalikwenda kinyume. Kongo ilitunga sheria ya upangaji tarehe 31 Desemba 2015, ikasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Hatudai kwamba kila mwenye nyumba wa Uvira anaitii. Lakini mpangaji wa huko anayeombwa miezi sita anaweza kutaja sheria, na kuwa na kitu cha kutaja si jambo dogo.

Turudi Gitaza, kwa kuwa kuna mitego miwili ya ufuko huu ambayo haipatikani kila mahali.

Mtego wa kwanza ni kiwanja chenyewe. Sheria za Burundi zimetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika ambao hautakiwi kujengwa. Serikali huwakumbuka wakazi wa ukanda huo kwa vipindi. Miaka inapita kimya, kisha tingatinga linakuja. Siku hiyo mwenye nyumba amekwisha kula kodi ya miaka mingi, na anayetupiwa magodoro nje ni mpangaji. Kabla hujalipa garanti kwa chumba chenye upepo mzuri wa ziwa, hesabu hatua zako kutoka majini, na umwombe mwenye nyumba akuonyeshe karatasi za kiwanja. Akikasirika, umekwisha jibiwa.

Mtego wa pili una uchungu zaidi. Baada ya maafa ya 1972, ambayo yalianza mwishoni mwa Aprili huku huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi mno waliuawa na wengine wengi walikimbilia Tanzania. Mashamba na viwanja vyao vikapewa wengine. Walipoanza kurudi kwa wingi, baada ya Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, kila kipande cha ardhi kikawa na wenyewe wawili, na kila mmoja ana masikitiko ya kweli. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006, ile iitwayo CNTB, ilikata mashauri mengi ya namna hiyo, pengine kwa kugawa, pengine kwa kurudisha chote kwa mwenyewe wa kwanza. Hatuingii katika shauri lenyewe. Tunamtazama mpangaji, ambaye asubuhi anapokea watu wawili mlangoni, kila mmoja akidai kodi ni yake, na jioni mmoja wao anarudi na kufuli.

Katika hali hiyo usichague upande kwa urafiki. Mlipe yule uliyepatana naye mpaka uonyeshwe uamuzi ulioandikwa. Sheria ya mapatano inakubali kwamba malipo yaliyofanywa kwa nia njema kwa mtu aliyekuwa ameshika haki hiyo ni malipo halali, hata kama baadaye anashindwa. Lakini nia njema inaonekana kwa risiti. Ukilipa mkono kwa mkono gizani, utalipa tena.

Na kufuli? Katiba ya Burundi, ile ya 2005 na ile ya 2018, inalinda nyumba ya mtu isiingiliwe kiholela, na nyumba ya mtu ni mahali anapokaa, si lazima awe ameijenga. Mwenye nyumba anayedai haki yake njia yake ni mahakama. Hana ruhusa ya kung'oa mlango, kuondoa mabati, kukata maji, wala kuzuia jiko na vyombo vya kazi mpaka alipwe. Akifanya hivyo usipigane naye. Waite bashingantahe na mkuu wa kilima waone kwa macho, mwandike vitu vilivyomo ndani, watie sahihi, ndipo mwende mahakama ya komine. Naye akikataa kupokea kodi ili aje kusema hukulipa, hila ambayo ni ya kale sana, sheria inamruhusu mdaiwa kutoa fedha rasmi na kuziweka amana. Nenda mahakamani uulize utaratibu wake mapema, kabla deni halijawa la miezi mitatu.

Ndugu zetu wanaokaa katika nyumba za mashamba makubwa wana jambo lao peke yake, kwa kuwa kwao mwajiri ndiye mwenye nyumba. Kazi ikiisha asubuhi, nyumba inaisha mchana. Shirika la Kazi la Kimataifa liliona ubaya huo zamani. Mkataba wake namba 110 wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, unataka mfanyakazi aliyeachishwa apewe muda wa kutosha kuhama. Pendekezo lake namba 115 la 1961 linasema kwa jumla haifai mwajiri awapangishe nyumba wafanyakazi wake mwenyewe, na kwamba kodi isile zaidi ya sehemu ya haki ya kipato. Maneno haya hayamfungi mwajiri mpaka nchi iyakubali au chama kiyaandike katika mapatano ya pamoja. Kuyaandika katika mapatano ya pamoja ni kazi yetu, na tunaona imecheleweshwa mno. Muda wa kuhama uwe wa siku zinazohesabika, umeandikwa kwa tarakimu, si "muda wa kutosha" utakaotafsiriwa na karani wa shamba.

Kwa upande wa serikali dai letu ni fupi. Garanti iwekewe kikomo kama Kongo. Nyongeza ya kodi isiwe zaidi ya mara moja kwa mwaka, na itanguliwe na notisi iliyoandikwa. Kikomo chochote cha fedha kitakachowekwa kipitiwe kila kima cha chini cha mshahara kinapopitiwa, yasije yakatupata ya shilingi 2,500 za Kenya. Na sheria itoke kwa Kirundi na Kiswahili, ibandikwe ofisi ya komine, Gitaza kama Bujumbura.

Wakati tunangoja, kila mwanachama aanze na daftari. Andika tarehe, kiasi, mwezi uliolipiwa, jina la aliyepokea na sahihi yake. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Andika pia hali ya nyumba siku unayoingia, bati lililotoboka na ukuta wenye ufa, mbele ya jirani mmoja. Wakati wa mafuriko andika siku maji yalipoingia na siku yalipotoka. Aliye na mkataba asiouelewa kwa sababu ya Kifaransa auchukue kwa mwakilishi wa tawi lake siku ya mshahara, asomewe kabla hajatia sahihi. Wawakilishi nao wanaombwa siku hiyo wasiondoke mapema.